Vijana Wasio na Mkataba

Soko linafunguliwa Jumamosi saa mbili usiku,
Ruzizi ikitupa umeme.
Isipotupa, betri ya Zihindula ina saa moja na robo,
basi njooni mmeshapiga hesabu, msianze kubishana
kama warithi wa shamba.

Mimi nimekesha na daftari.
Timu nane, kompyuta moja, na ile herufi N iliyong'oka
tangu msimu wa mvua, ndiyo maana Nshombo,
nguzo yangu chini ya kikapu,
ameandikwa Shombo, na kila akifunga
Buhendwa anaziba pua.

Hawa ndio wapya. Wote chini ya miaka ishirini na mbili,
wote huru, hakuna timu iliyowashika mkono.

Lwaboshi. Mita mbili na sentimita sita.
Ana miaka kumi na tisa na hajawahi kuzaliwa.
Anaruka, anazuia, anaokota mipira iliyokosa
kama kuku anavyookota mtama;
ila mpe mitupo huru miwili
utasikia chuma kikilia kama bati chini ya mvua ya mawe.
Msipite milioni mbili. Ni dola za hewa, najua,
lakini mwaka jana Nabintu alitoa sita
kwa jitu lenye goti la karatasi,
na hadi leo, zamu ya usiku hospitalini,
akimfunga mgonjwa bandeji analitaja kwa jina.

Biridwa. Yaani Birindwa, shida mnaijua.
Mfupi, mwepesi, anatoa pasi hata kwa kivuli.
Mashine inasema ataiva akifika ishirini na nne.
Iliniambia hivyo hivyo kuhusu Cirhuza,
akaoza akiwa mbichi.

Maana kila kijana ana namba moja iliyofichwa.
Kimo tunakiona, kasi tunaiona,
ile iitwayo Kesho imefungiwa ndani,
nasi tunanusa tu juu ya kifuniko.

Kisha yuko huyu wa mwisho.
Murhula, mkono wa kushoto, miaka kumi na minane.
Hakutungwa na mashine. Nilimwingiza mimi, Jumanne.
Jina lake halina N, likaingia zima.

Mmemwona: yule anayepandisha mifuko ya saruji
kwenye ngazi za Kadutu,
na jioni anacheza kwenye kile kiwanja kilichoinama
ambapo mpira ukikuponyoka
unaufuata hadi kwa wauza ndizi.
Hapotezi mpira, yule.
Amechoka kuteremka.

Nilimsimulia ligi yetu. Akasikiliza, mpira kiunoni,
vumbi la saruji bado kwenye nyusi,
akauliza, "Mimi mnanipa ngapi?"
Nikamwambia tutaangalia.
Akasema sawa, kama mtu aliyelizoea neno hilo,
akatupa kutoka mbali, ukaingia bila kugusa chuma,
wala hakugeuka kuona kama nimeona.

Usiku nikajaza. Kimo, sawa. Kasi, sawa.
Kufika kwenye Kesho, kidole kikaganda.
Mashine haikubali pengo, inataka namba.
Nikaweka moja, nikaifuta, nikaweka nyingine,
umeme ukakatika
kabla sijajua ipi imebaki.

Kwa hiyo ripoti yangu ni hii:
kifundo chake cha mguu si cha kuaminika.
Hapendi kukaba. Anachelewa mazoezini. Ana hasira.
Nabintu, usihangaike naye. Buhendwa, utakula hasara.
Mwacheni apite hadi mwisho,
hadi saa ile ya waliobaki,
wanapogawiwa kwa bei ya chumvi.

Na mkiniona nimekaa kimya mnada mzima
na milioni kumi na moja mfukoni,
msiniulize.